Misi Ina Saa Zake: Mafunzo Niliyopata kwa Gari la Mtumba

Gari langu ni Toyota Corolla Spacio, toleo la pili, lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 2001, na ndani yake kuna injini ya 1NZ-FE. Ni injini ya cc 1,497 yenye silinda nne, na Dar es Salaam hii haina ugeni: IST, Raum, Probox na Fielder nyingi unazopishana nazo Barabara ya Morogoro zinavutwa na injini hiyo hiyo. Uzuri wake ni kwamba vipuri havitafutwi kwa tochi na kila fundi anaijua. Ubaya wake ni kwamba kila fundi anaijua, kwa hiyo kila mmoja ana jibu kabla hujamaliza swali.

Swali ambalo nimelibeba gereji nyingi ni la misi. Gari linakata, linakohoa, linatetemeka kwenye mataa, ukikanyaga linavuta kisha linasita. Kinachotokea ndani ni kwamba silinda moja au zaidi imeshindwa kuchoma mafuta ilipofika zamu yake. Na zamu zenyewe ni nyingi. Injini ikiwa sailensi kwenye mizunguko 700 kwa dakika, kila silinda inatakiwa kulipuka mara 350 ndani ya dakika hiyo, maana hulipuka mara moja kila mizunguko miwili. Ukipandisha resi hadi 3,000, ni mara 1,500.

Mlipuko mmoja unataka vitu vinne kwa pamoja: hewa, petroli kwa kipimo chake, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni. Kimoja kikilegea, gari hulalamika kwa sauti ile ile. Hapo ndipo pesa zinapopotea, kwa sababu plagi, koili, nozo, pampu na sensa zote zinauzwa, na kila kimoja kina fundi anayekiapia. Msimamo wangu ni kwamba misi ina saa zake, na ukizijua saa hizo utakuwa umemjua mhusika kwa nusu kabla hujatoa hata shilingi.

1. Uliza kwanza misi inakuja wakati gani

Fundi ninayempelekea gari langu ana gereji ya chini ya mwembe, upande wa Gerezani. Ni mtu mzima, mikono yake imekauka kwa petroli. Ukimwambia, "Shikamoo fundi, gari lina misi," hafungui boneti. Anaitikia, "Marahaba mwanangu," anafuta mikono kwa kitambaa, halafu anaanza mahojiano. Likiwa baridi asubuhi au likishapata moto? Sailensi au ukikanyaga? AC ikiwaka au hata ikizimwa? Umeosha injini karibuni? Mafuta ulijaza wapi?

Kila swali lina sababu yake.

Tuanze na la kukanyaga, hasa mlimani. Cheche haipati shida kuruka mahali penye hewa kidogo. Lakini ukikanyaga, silinda inajaa hewa, mgandamizo unapanda, na koili inadaiwa volti nyingi zaidi ili cheche ile ile iruke. Koili iliyochoka hulipa deni dogo la sailensi bila tatizo, ila deni kubwa inashindwa. Ndiyo maana gari linaweza kutulia kabisa Kariakoo, likapita Morogoro na Mikumi bila neno, halafu likaanza kukata linapoukabili Mlima Kitonga, kabla hujafika Ilula. Misi ya mlimani, au ya kuovateki, humwelekeza fundi kwenye plagi na koili kwanza, kisha kwenye presha ya mafuta.

Misi ya sailensi inayopotea ukipandisha resi kidogo ina tabia nyingine. Hapo kipepeo cha throtoli kimekaribia kufungwa chote na hewa inayopita ni ndogo, kwa hiyo mpira mmoja uliopasuka unaingiza hewa ambayo ni sehemu kubwa ya jumla. Resi zikifika 2,500 uvujaji ule ule haukosi kuwepo, ila umemezwa na hewa nyingi inayopita njia halali.

Misi inayokuja baada ya injini kupata moto, tuseme foleni ya Ubungo saa nane mchana AC ikiwa imewaka, kisha ikapona ukizima gari likapoa, mara nyingi ni koili. Kinga ya nyaya zake za ndani imechakaa, na joto linaidhoofisha zaidi. Ile ya asubuhi tu, dakika moja hivi pamoja na moshi mweupe, kisha gari linatulia siku nzima, ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Injini inaposimama usiku, maji ya rejeta yanaweza kupenya polepole kuingia kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi iliyoanza kuchoka. Ukiona hivyo na maji ya rejeta yanapungua bila kuacha tone chini, acha habari za plagi.

Misi iliyoanza kilomita chache baada ya kutoka sheli inajulikana: shuku mafuta. Iliyoanza baada ya kutoka kuoshwa, nayo ina fungu lake huko mbele.

2. Si kila mtetemo ni misi

Jirani yangu mwenye Raum alinunua plagi mpya, akaongeza na koili, na gari likaendelea kumtetemesha kwenye mataa kama kawaida. Ugonjwa wake ulikuwa maunti, ile mipira inayobeba injini. Ikichakaa, mtetemo wa kawaida wa injini unapita moja kwa moja hadi kwenye usukani na viti.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kwenda nyuma ya gari na kusikiliza ekzosi. Injini nzima hutoa pumzi zinazofuatana sawasawa. Injini yenye misi ya silinda moja hutoa pumzi tatu nzuri na moja inayokosekana, na ukisogeza kiganja karibu na bomba, bila kuligusa, utaihisi ile nafasi. Ikiwa pumzi ni sawa lakini kiti kinatetemeka, kagua maunti.

Kuna mtetemo mwingine unaowadanganya wenye magari ya otomatiki yaliyozeeka. Unakuja kwenye mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mguu ukiwa umegusa mafuta kidogo tu, na gari linatikisika kana kwamba limepita kwenye matuta madogo. Hiyo inaweza kuwa gia boksi: klachi ndogo iliyo ndani ya toki konveta, ile inayofunga injini na gia boksi mwendo ukishatulia, inateleza. Kwenye barabara tupu, gusa breki kwa mguu wa kushoto kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Kompyuta huifungua klachi hiyo mara breki inapoguswa. Mtetemo ukikoma papo hapo wakati injini bado inavuta, plagi hazina kosa.

3. Taa ya check iliyowaka si sawa na inayokonyeza

Taa ikiwaka tu na kutulia, kuna tatizo la kushughulikia wiki hii. Ikikonyeza wakati gari linakata, punguza mguu na utafute pa kuegesha. Maana yake ni kwamba petroli isiyoungua inatoka na moshi na kwenda kuungulia kwenye masega, yale ya ndani ya ekzosi yanayosafisha moshi. Masega hupata joto kupita kiasi, huyeyuka na kuziba, na hapo misi ya koili moja imekuzalia gari lisilovuta kabisa. Mafundi wengi wa mjini suluhisho lao ni kuyatoa na kuyauza. Mwenye gari huambiwa sasa limekuwa jepesi. Siafiki, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Kuhusu mashine ya kupimia: P0301 ni misi ya silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. P0300 ni misi inayorukaruka silinda, na huwa natafuta kitu kinachozihudumia zote kwa pamoja, kama hewa au presha ya mafuta. P0171 inasema hewa imezidi petroli.

Tatizo ni kuipata hiyo namba. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa kusoma kompyuta za magari kuanzia magari ya mwaka 1996. Spacio yangu ilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, ambako sheria hiyo haikuhusu, kwa hiyo tundu la chini ya usukani linafanana kabisa na la gari la Marekani lakini vile vimashine vya bei ndogo vinavyounganishwa na simu mara nyingi haviambulii kitu. Kabla ya kumlipa mtu "kupiga mashine," muulize kama yake inasoma Toyota za soko la Japani. Na namba ikishasomwa, inakutajia silinda. Kifaa hujatajiwa bado.

4. Hamisha kabla ya kununua

Hili ndilo somo lililoniokolea pesa nyingi zaidi, na halitaki vifaa zaidi ya spana ya 10 na spana ya plagi.

Kwenye 1NZ-FE kila silinda ina koili yake, imekaa juu ya plagi kama kizibo kirefu, imeshikwa na bolti moja. Kwanza itafute silinda isiyofanya kazi. Injini ikiwa sailensi, chomoa soketi moja, sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inayumba zaidi. Ukichomoa ya silinda iliyolala, hakuna kinachobadilika. Mafundi wengi huchomoa soketi ya koili. Mimi naomba wachomoe ya nozo pale inapofikika, kwa sababu ukikata cheche huku nozo inaendelea kumwaga, ile petroli inakwenda kwenye masega tuliyoyazungumza. Soketi zenyewe zimekaushwa na joto la miaka mingi, kwa hiyo kibanio kibonyeze kwa kidole gumba kwanza, ndipo uvute. Plastiki yake ikivunjika, soketi italegea na utakuwa umejinunulia misi mpya.

Silinda ikishajulikana, tuseme ni ya tatu, zima gari. Koili ya tatu iweke kwenye silinda ya kwanza, ile iliyo upande wa mnyororo wa taimingi, na ya kwanza iweke kwenye ya tatu. Washa. Misi ikihamia silinda ya kwanza, koili ndiyo mgonjwa, nenda kanunue moja. Ikibaki pale pale, hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo. Ikibaki tena, hamia kwenye nozo na kompresheni. Jambo la msingi ni kuhamisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukihamisha koili na plagi kwa pamoja, utajua ugonjwa umehama bila kujua nani kauhamisha.

Fundi akikuambia koili huuzwa nne kwa seti tu, mwambie asante.

5. Plagi ikitoka inazungumza

Zipange juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake kabla hujazifuta. Kijana wa gereji atataka kuzipiga brashi ya waya haraka haraka, mzuie, atakufutia ushahidi.

Rangi ya kahawia nyepesi au kijivu kwenye ncha ni afya. Masizi meusi makavu yanayotoka kwa kidole yanasema petroli imezidi hewa, au cheche ni dhaifu. Weusi wenye mafuta, unaong'aa na kunuka oili, unasema oili inaingia silindani, ama kwa ringi za pistoni ama kwa sili za vavu. Nyeupe iliyopauka ni joto kali au hewa iliyozidi. Iliyolowa petroli ni ya silinda ambayo nozo inamwaga lakini cheche haipo. Na ile moja iliyotoka safi kupita wenzake, kana kwamba imechemshwa kwa mvuke, hiyo inanirudisha kwenye hofu ya maji ya rejeta.

Kisha igeuze utazame kaure yake nyeupe, ile sehemu inayofunikwa na mpira wa koili. Ukiona mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa kwa penseli kutoka juu kwenda chini, umeme ulikuwa unateremkia nje ya plagi kwenda kwenye chuma badala ya kuruka kwenye ncha. Plagi hiyo haifai tena, na mpira wa koili iliyokuwa juu yake ukaguliwe, maana mstari kama huo huchorwa pande zote mbili. Ukibadilisha plagi ukaacha mpira, mstari mpya utajichora.

Pengo la ncha nalo lipimwe. Kwa injini hii ni milimita 1.1, na si lazima ukariri: kwenye Denso K16R-U11, ile 11 ya mwisho ndiyo 1.1, na kwenye plagi nyingi za NGK zinazoishia na -11 ni vilevile. Pengo likiliwa na miaka hadi 1.5, koili inadaiwa volti nyingi kila mara, na plagi ya bei ndogo inaiua koili ya bei kubwa.

6. Nachagua mtumba halisi kuliko mpya wa boksi linalong'aa

Plagi na koili feki zimejaa, na maboksi yake yamechapwa vizuri. Plagi feki naitambua kwa maandishi ya kaure yanayofutika kwa kucha, hatua za uzi zenye makwaruzo, na ncha ya kati isiyokaa katikati sawasawa na ile ya pembeni. Hata hivyo sijidai kwamba kila mara jicho linatosha, kwa hiyo kwa plagi nakwenda kwa muuzaji anayekubali kuandika risiti na kupokea kitu kikirudi.

Kwa koili nina msimamo mwingine. Napendelea iliyotolewa kwenye injini iliyoshuka na kontena kutoka Japani, yenye namba ya kiwanda juu yake, kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Wauzaji wa Ilala Bungoni watakuchomolea mbele ya macho yako. Kagua mpira wake usiwe na ufa, kagua miguu ya soketi isiwe na kutu ya kijani, na mwombe muuzaji uijaribishe kwenye gari lako hapo hapo. Wengi hawana neno.

7. Maji na oili kwenye mashimo ya plagi

Plagi za injini hizi zimezama kwenye mashimo marefu. Ukipeleka gari kuosha, kijana akapiga injini kwa mota ya presha, maji yanajaa humo na hayana pa kutokea. Gari linaondoka likiwa linang'aa na linakata. Masika hufanya kazi hiyo hiyo kama mfuniko wa plastiki wa juu ya injini umevunjika au ulibaki gereji, na mvua kubwa za Machi hadi Mei huleta foleni ya wagonjwa wa aina hii kwa mafundi. Toa koili, puliza mashimo kwa kompresa, kausha mipira, rudisha. Kama hakuna kompresa, kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi ndefu kinatosha.

Oili ni kesi nyingine. Ukichomoa koili ikatoka imelowa oili hadi katikati, ujue mipira ya mashimo hayo chini ya tapeti kava imekauka na kukakamaa. Oili hiyo inaulainisha mpira wa koili mpaka unavimba na kupasuka. Koili mpya itakayowekwa humo itaonja mauti hayo hayo, hivyo gasketi ya tapeti kava ibadilishwe kwanza.

Wenye magari ya zamani zaidi, yale ya distributa na waya ndefu za plagi, wana bahati moja: ugonjwa wao unaonekana kwa macho. Egesha mahali penye giza usiku, fungua boneti injini ikiwaka, nyunyizia waya ukungu kidogo wa maji. Vimulimuli vya bluu vitakuonyesha waya unaovuja. Mikono iwe mbali.

8. Hewa ya wizi

Kompyuta hupima hewa kwa sensa iliyo karibu na boksi la filta, halafu huagiza petroli kulingana na kipimo hicho. Hewa inayoingia baada ya sensa haijapimwa, kwa hiyo haijaagiziwa petroli. Njia za hewa hii ni nyingi: bomba la mpira kati ya boksi la filta na throtoli, ambalo hupasuka kwenye mikunjo yake, upande wa chini usiouona, vimpira vyembamba vya vakyumu, mpira wa buusta ya breki, gasketi ya manifoldi.

Mafundi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye viungo na kusikiliza resi zikibadilika. Inafanya kazi. Pia inashika moto, na manifoldi ya ekzosi haiko mbali. Maji kwenye chupa ya kunyunyizia nguo yanatosha kwa nyufa nyingi: ukipata mahali penyewe, yanavutwa ndani na injini inabadilisha sauti kwa sekunde moja mbili.

Sensa yenyewe ikichafuka hutoa kipimo cha uongo. Isafishwe kwa dawa yake, iachwe ikauke, isiguswe kwa pamba wala kidole, kwani ndani yake mna waya mwembamba sana.

9. Petroli: kiasi, presha na uchakachuaji

Nchi hii iliwahi kuugua uchakachuaji vibaya, petroli na dizeli zikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iishe. Hali ilibadilika sana, ila maji kwenye matangi ya chini ya sheli hayajui sheria. Nikiona gari la kushusha mafuta liko kwenye sheli, napita. Linapomwaga, uchafu uliolala chini ya tangi hunyanyuka.

Njaa ya mafuta hujitofautisha na misi ya koili kwa jambo moja: silinda zote huathirika pamoja. Gari linakwenda vizuri mjini, ukilidai kilomita 100 kwa saa linasinzia, ukiachia kidogo linaamka. Presha kwenye reli ya nozo za 1NZ-FE inatakiwa iwe kati ya psi 44 na 50, na geji ya kuipima ipo kwenye gereji nyingi za uhakika. Ikiwa chini, filta au pampu. Kwenye magari haya filta imo ndani ya tangi pamoja na pampu, ndiyo maana husahaulika miaka nenda rudi. Na wenye kuishi na taa ya mafuta ikiwa imewaka wajue kwamba pampu hiyo hupozwa na petroli inayoizunguka.

Nozo hupimwa kwa sikio. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na mpini kwenye mfupa wa sikio, utasikia mdundo wa tik-tik-tik. Nne zote zilie sawa. Inayonyamaza, ipime kwa mita: ohm 13 au 14 ni nzima, kwa hiyo chunguza waya wake. Inayolia lakini silinda bado imelala inaweza kuwa imeziba, na kuisafisha kwa mashine kunagharimu kidogo kuliko kununua.

10. Kompresheni, yale yote yakishindikana

Mjomba wangu wa Tanga ana Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE. Ilikuwa na misi isiyo na saa: baridi, moto, sailensi, mlimani, kote ipo, silinda ile ile ya tatu. Distributa ilibadilishwa kifuniko, waya zikabadilishwa, plagi zikabadilishwa. Misi isiyobagua wakati ndiyo inayonifanya niulize mgandamizo mapema.

Kipimo chenyewe ni cha muda mfupi. Injini ipate moto kidogo, plagi zote zitolewe, cheche na nozo zikatwe, mita ifungwe kwenye shimo la plagi, mtu mmoja akanyage mafuta hadi chini huku akipiga stata mpaka mshale usipande tena. Betri iwe imejaa, vinginevyo utailaumu injini bure. Kwa 1NZ-FE kitabu cha Toyota kinasema injini mpya ni kilo 15 kwa sentimita ya mraba, mwisho wa kuvumiliwa ni 11, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya kilo moja. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitazama zaidi. Injini ya kilo 12 kote inaendeshwa kwa amani. Yenye 14, 14, 9, 14 haiwezi kutulia.

Ya Mjomba ilitoa zaidi ya 12 kwa silinda tatu, na 8 kwa ile ya tatu. Fundi akamimina kijiko cha oili kwenye shimo la plagi na kupima tena. Oili huziba mwanya wa ringi kwa muda. Mshale ukipanda, ringi ndizo zilizochoka. Haukupanda. Zingekuwa silinda mbili zilizopakana, tungeishuku gasketi iliyoungua katikati yao.

Fundi akaipandisha pistoni ya tatu hadi juu kabisa, vavu zikiwa zimefungwa, akaweka gari kwenye gia na kuvuta hendibreki, kisha akapuliza hewa ya kompresa kupitia shimo la plagi. Kila mmoja wetu akaenda kusikiliza mahali pake. Hewa ikitokea kwenye kifuniko cha oili, ni ringi. Ikitokea kwenye throtoli, ni vavu ya kuingiza. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi. Aliyekuwa nyuma ya gari akapaza sauti, "Mzee, inatokea huku," ekzosi ikipuliza vumbi la gereji. Vavu ya kutolea moshi ilikuwa imeungua ukingoni.

Palikuwa na mashauri ya kununua injini nzima ya mtumba. Mjomba akaenda kuiona, akaomba ipimwe kompresheni kabla ya kulipa, muuzaji akasema injini haiwezi kupigwa stata ikiwa sakafuni. Inawezekana kabisa, ikiwa na gia boksi yake, stata, betri na nyaya mbili. Akarudi akaamua silinda hedi ishushwe, vavu ibadilishwe, zote zisagwe na gasketi mpya iwekwe. Kwa kuwa 5A-FE inatumia mkanda wa taimingi na si mnyororo, na mkanda ulikuwa umeshatolewa kwa kazi hiyo, akanunua na mkanda mpya ukafungwa hapo hapo.